Matiti yaliyolala na vidonda visivyoisha chini yake: nianze na kipi?

Dada yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, umeandika kwamba una miaka 43, umezaa na kunyonyesha watoto watatu, na unauza chapati na maharagwe karibu na kituo cha matatu, kazi inayokuweka mbele ya jiko tangu saa kumi na moja alfajiri. Matiti yako ni makubwa na yamelala, na ngozi iliyo chini yake huwasha, huchubuka, hutoa maji na harufu, hupoa kwa wiki mbili, kisha hurudi palepale. Umemaliza tyubu nne za dawa uliyouziwa kwenye duka la dawa, umejaribu poda ya watoto na maji ya chumvi, na sasa jirani amekwambia kwamba dawa ya pekee ni upasuaji wa kuinua matiti, huku wifi yako akishikilia kwamba haya yote yametokana na kunyonyesha kwa muda mrefu. Unauliza uanze na kipi, na unaongeza kwamba kwa mwaka mzima umeona haya kumwonyesha daktari yeyote.

Niruhusu nianze na hiyo haya, kwa sababu ndiyo iliyokuchelewesha. Harufu unayoisikia hutoka kwa vimelea vinavyostawi kwenye jasho na ngozi iliyolainika kwa unyevu, na haina uhusiano wowote na usafi wako. Wanawake wengi wanaofika kliniki ya ngozi na tatizo hili huoga kuliko watu wengine wote wa nyumba zao, tena kwa sabuni kali na kwa kusugua, na kusugua kwenyewe huwaongezea vidonda. Daktari wa ngozi huliona jambo hili mara kwa mara na halimshangazi.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: ngozi itibiwe kwanza, sukari kwenye damu ipimwe wakati huohuo, na upasuaji uzungumzwe baadaye, ngozi ikiwa imepona na imekaa kavu. Ukifika huko, huenda utakachohitaji ni kupunguziwa uzito wa titi, si kuinuliwa tu. Mambo mawili yamekutana mahali pamoja kwenye mwili wako, yaani kulala kwa titi na ugonjwa wa ngozi, na aliyekwambia kwamba ni jambo moja lenye dawa moja amekuonyesha njia ya mkato ambayo inaweza kukugharimu fedha nyingi na kukuacha na vidonda vilevile, au vibaya zaidi.

Titi halina msuli ndani yake. Ni tezi za maziwa, mafuta, ngozi, na nyuzi nyembamba zinazolishikilia ukutani mwa kifua, nyuzi ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, aliyezieleza mwaka 1840. Nyuzi hizo na ngozi zikishavutika hazirudi kama zilivyokuwa. Kinachozivuta ni umri, ukubwa wa titi lenyewe, mimba moja baada ya nyingine, kunenepa na kukonda kwa kupokezana, na uvutaji wa sigara. Ama kuhusu kunyonyesha, unaweza kumwambia wifi yako kwa upole kwamba madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walilichunguza swali hilo miongoni mwa wanawake waliotaka upasuaji wa matiti, wakachapisha matokeo mwaka 2008, na hawakuona kwamba kunyonyesha kwenyewe kunaongeza kulala kwa matiti. Mimba ndiyo iliyohesabika. Watoto wako hawakukuharibu.

Titi linapolala juu ya ngozi ya tumbo la juu, hujitengeneza mkunjo usiopitisha hewa. Jasho hubaki humo, joto hupanda, na ngozi mbili husuguana kila unapoinama kugeuza chapati. Ngozi ya juu hulainika kama vidole vilivyokaa majini, kisha huchanika, na hapo fangasi wa jamii ya kandida, ambao huishi mwilini mwa wengi wetu bila kutudhuru, hupata mlango. Hali hii huitwa intatrigo. Kwa hiyo fangasi si chanzo cha kwanza. Chanzo ni unyevu na msuguano, na ndiyo maana tyubu nne zimeua fangasi mara nne bila kumaliza tatizo.

Kabla hatujafika kwenye dawa, ningependa ujiangalie vizuri. Usiku, baada ya kuoga, simama mbele ya kioo, inua titi kwa kiganja na umulike kwa tochi ya simu. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi yenye intatrigo huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona hudhurungi iliyokolea, au rangi ya zambarau inayoelekea kijivu. Ikiwa ni kandida, ndani kabisa ya mkunjo kutakuwa na unyevu, pengine utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na mpasuko mwembamba unaofuata mstari wa mkunjo na unaochoma jasho likiupitia. Kisha angalia pembezoni: vipele vidogo vidogo, vingine vyenye kichwa cha usaha, vimetawanyika nje ya eneo kuu kama visiwa mbele ya bara. Vipele hivyo vya pembeni ni alama ambayo daktari huitafuta kwanza.

Usipoviona, huenda ni kitu kingine, na hapa ndipo kubahatisha kwa mwaka mzima kunapomwumiza mtu. Choa hutengeneza duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati kukianza kupoa. Bakteria fulani huleta doa kavu la hudhurungi lisilowasha sana, ambalo chini ya taa maalumu ya kliniki hung'aa kwa rangi ya matumbawe, na ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa ya bakteria. Soriasisi ya mikunjo huwa na mpaka uliokatika wazi na uso laini unaong'aa, na mara nyingi mwenye nayo ana magamba pia kichwani, kwenye viwiko au ndani ya kitovu. Wapo pia ambao ngozi yao inakataa manukato ya sabuni au mpira wa sidiria.

Mmoja katika kundi hili ningependa nikae naye kidogo. Ikiwa unachopata ni majipu yenye uchungu, yanayorudi mahali palepale, yanayopasuka na kuacha makovu na vijishimo, na ikiwa yanatokea pia kwapani au kwenye kinena, huo unaweza kuwa ugonjwa wa vinyweleo unaoitwa haidradenitisi. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hutumbuliwa majipu mwaka baada ya mwaka, kila safari kama jipu jipya, bila mtu kuunganisha la leo na la mwaka jana. Hauambukizwi, hautokani na uchafu, na una matibabu yake, lakini si krimu ya fangasi. Kama haya ndiyo yako, mwambie daktari tangu sentensi ya kwanza kwamba majipu hurudi.

Sasa nirudi kwenye tyubu zako. Uliniandikia kwamba krimu hiyo hukutuliza ndani ya siku mbili tu, kuwasha kukaisha kabisa, kisha mambo hurudi kwa nguvu ukiiacha. Geuza tyubu usome upande wa nyuma. Nina hofu kwamba utakuta majina matatu: klotrimazoli ambayo inaua fangasi, jentamisini ambayo inaua bakteria, na betamethasoni au klobetasoli ambayo ni steroidi kali. Mchanganyiko wa namna hii unauzwa kwa urahisi mno jijini kwetu, na ninalisema kwa masikitiko. Steroidi huzima kuwasha haraka, na ndiyo sababu watu huipenda, lakini humo humo mkunjoni, ambako ngozi ni nyembamba na dawa hupenya zaidi kwa sababu ya joto na unyevu, huikonda ngozi, huleta michirizi isiyofutika, na hupunguza kinga ya mahali hapo, hivyo fangasi akirudi hurudi mwenyeji. Nimewahi kumhudumia mama aliyeipaka miaka miwili. Ngozi chini ya matiti ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara, na ilichanika nilipolinyanyua titi kwa mkono. Usiikatishe kwa hasira ukabaki bila kitu, bali nenda nayo kliniki, na useme ukweli kuhusu idadi ya wiki ulizoipaka. Na kama kuna krimu yoyote ya kung'arisha ngozi unayotumia, itaje pia, kwa kuwa nyingi kati ya hizo huwa na steroidi isiyoandikwa popote.

Jambo la pili ni sukari. Fangasi anayerudi rudi mkunjoni mwa mtu wa miaka arobaini na kitu ni sababu tosha ya kupima kisukari, hata kama hujisikii mgonjwa. Omba kipimo cha damu kabla hujala asubuhi, au kile cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu iliyopita. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, ni kiwango cha kisukari, ingawa kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Angalia pia nyuma ya shingo yako na kwapani: ngozi iliyokuwa nyeusi na nene kama mahameli, isiyotoka kwa kusugua, mara nyingi huashiria kwamba insulini ya mwili haifanyi kazi ipasavyo. Daktari anaweza kukuomba kipimo cha virusi vya ukimwi vilevile, na ukikubali utakuwa umefanya la busara, kwa sababu kinga iliyoshuka nayo huleta fangasi asiyeisha. Hakuna anayekutuhumu.

Matibabu yenyewe ya intatrigo ya kandida si ya kutisha, ila yanataka uvumilivu. Osha mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja bila dodoki wala brashi. Suuza hadi utelezi wote uishe. Halafu kausha kwa kugusagusa na taulo laini, na hapa ndipo kazi ilipo: inua titi, liache limeinuliwa kwa dakika kadhaa mbele ya feni, au tumia mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye hewa baridi. Ngozi ikiwa kavu kabisa, paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2, isiyochanganywa na kitu, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa eneo lililoathirika kwa upana wa vidole viwili ili kuvifikia vile visiwa nilivyovitaja. Fanya hivyo kwa wiki 2 hadi 4, na usiache siku kuwasha kunapoisha. Endelea angalau wiki moja baada ya ngozi kuonekana imepona. Kuacha mapema ni sababu kubwa ya kurudi kwa ugonjwa. Ikiwa kuwasha ni kukali sana siku za mwanzo, daktari anaweza kuongeza haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, kwa siku chache tu. Vidonge vya flukonazoli vipo kwa walioathirika sana, lakini vinahitaji kuandikiwa, kwa sababu vinagongana na dawa kadhaa na havimfai mwenye mimba.

Kisha tenganisha ngozi na ngozi. Chukua leso ya zamani ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi ikawa laini, ukate vipande virefu vya upana wa kiganja, uvifue, uvisuuze vizuri na uvianike juani hadi vikauke kabisa. Laza kipande kimoja ndani ya mkunjo kwa urefu wake wote, ncha yake ikitokeza pembeni kuelekea kwapa, ili unyevu upate njia ya kutoka badala ya kukusanyika ndani. Kwa kazi yako ya jiko, beba vitatu au vinne na ubadilishe kila kinapolowa, bila kusubiri jioni. Karatasi ya chooni haifai, kwa kuwa hulowa, hukatika vipande na kusugua. Usiku, ukivua sidiria, mkunjo hufungika zaidi, kwa hiyo lala na kitambaa hicho ndani ya fulana ya pamba inayobana kidogo. Ngozi ikishapona, unaweza kupaka tabaka jembamba la krimu nyeupe ya zinki oksaidi, ile ya watoto wanaovaa nepi, ili iwe kinga dhidi ya jasho. Poda ya watoto ningekushauri uiweke kando, kwa sababu ikichanganyika na jasho huwa kama unga uliolowa, hujikusanya kwenye mpasuko na kukwaruza. Chumvi, ndimu, siki na dawa ya meno huunguza ngozi iliyochubuka, viache jikoni.

Weusi utakaobaki baada ya ngozi kupona si ugonjwa. Ni alama ya uvimbe uliopita, na kwenye ngozi nyeusi huchukua miezi kadhaa kufifia. Usiusugue wala usiupake kitu cha kung'arisha.

Sidiria nayo ni sehemu ya matibabu. Mzigo wa titi unapaswa kubebwa na mkanda unaozunguka kifua. Mikanda ya mabegani husaidia tu. Jipime kwa utepe wa fundi cherehani chini ya matiti, kisha mahali penye upana mkubwa zaidi, kwa sababu wanawake wengi huvaa mkanda mlegevu na kikombe kidogo, na matokeo yake titi humwagikia mkunjoni. Mkanda ukikaa sawa, vidole viwili hupita chini yake kwa kubana kidogo, nao haupandi mgongoni ukiinua mikono. Sidiria za mitumba huwa za kitambaa kizuri, lakini nyingi mpira wake umechoka; ivute kabla ya kununua, na isiporudi haraka iache. Epuka zenye waya hadi ngozi ipone, kwa kuwa waya hukaa palepale penye kidonda. Uwe nazo tatu angalau, ili ile ya jana isirudiwe ikiwa na jasho la jana.

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki nne. Nenda hospitali upesi ukipata homa, ngozi yenye joto na maumivu yanayosambaa, au usaha mwingi. Vilevile usichelewe ukiona kitu kilichobadilika kwenye titi moja tu: uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyovimba yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali haikuwa hivyo, maji ya damu kwenye chuchu, au ukurutu wa chuchu usiopona kwa krimu. Huo ukurutu wa chuchu moja nimeutaja makusudi, kwa sababu ipo saratani ya titi inayoanza kwa sura hiyo, na mgonjwa huipaka dawa ya ngozi miezi mingi kabla ya mtu kukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Intatrigo hukaa mkunjoni na haianzi kwenye chuchu.

Tukija kwenye kulala kwa matiti yenyewe, sitakuficha: hakuna krimu, mafuta, kidonge wala mashine ya kunyonya inayoinua titi lililolala. Mazoezi ya kifua huimarisha msuli ulio nyuma ya titi na kukunyoosha mgongo, nayo yanafaa kwa afya na kwa maumivu ya mabega, lakini hayarudishi ngozi iliyovutika. Kupunguza uzito kuna pande mbili na ni haki yako kuzijua zote. Hupunguza jasho, kina cha mkunjo na sukari, hivyo ngozi hunufaika sana. Ila titi likipoteza mafuta linaweza kulala zaidi ya lilivyolala. Mimi ningechagua afya ya ngozi na sukari.

Kinachobadilisha umbo ni upasuaji, na unafanywa na daktari wa upasuaji wa plastiki, yaani aliyebobea katika kurekebisha na kuunda upya viungo. Yeye hupima kulala kwa titi kwa kulinganisha chuchu na mstari wa mkunjo, kwa mpangilio ulioelezwa na Paule Regnault mwaka 1976: chuchu ikiwa usawa wa mkunjo ni daraja la kwanza, ikishuka chini yake ni la pili, na ikiwa sehemu ya chini kabisa ya titi ikitazama sakafu ni la tatu. Upasuaji wa kuinua huondoa ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu, lakini huacha uzito uleule. Upasuaji wa kupunguza huondoa pia tezi na mafuta, kisha huinua kilichobaki. Kwa titi lililopungua na kuwa jepesi baada ya kunyonyesha, kuinua kunatosha. Kwa titi zito kama ulivyoeleza lako, lenye alama za mikanda mabegani na maumivu ya shingo, kupunguza ndiko kunakolenga chanzo cha mkunjo, na wanawake waliofanyiwa hivyo mara nyingi hupata nafuu ya mgongo na ya ngozi pia. Aliyekwambia "kuinua" huenda alimaanisha hivi, lakini kwenye karatasi ya kukubali upasuaji tofauti hiyo ni kubwa.

Upasuaji huu hufanywa ukiwa umelazwa usingizi, kwa saa 2 hadi 4 hivi. Kovu huzunguka chuchu, hushuka wima hadi chini, na kwa matiti makubwa huenda pia kwa urefu wa mkunjo, hivyo kuwa na umbo la nanga. Mahali mshono wa wima unapokutana na ule wa mkunjo ndipo penye mvuto mkubwa na damu kidogo, na ndipo kidonda hufunguka mara nyingi zaidi. Nacho kiko palepale penye fangasi wako wa leo. Hiyo ndiyo sababu ya kitabibu inayonifanya nisisitize kwamba ngozi ipone kwanza. Daktari mwangalifu hatakukata kupitia ngozi yenye maambukizi, na wengi hupenda HbA1c iwe chini ya asilimia 7.5 au 8, kwa kuwa sukari ya juu huchelewesha kidonda kupona. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha angalau wiki 4 kabla.

Hatari nyingine ni damu kujikusanya ndani, chuchu kupoteza hisia au, kwa nadra, kufa kwa kukosa damu, matiti kutolingana, na ugumu wa kunyonyesha baadaye, kwa hiyo kama bado unafikiria mtoto wa nne ni afadhali usubiri. Kwa ngozi zetu ongeza kovu linalovimba na kukua kupita mipaka yake, yaani keloidi. Tazama ulipotobolewa masikio na kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi. Ikiwa yalivimba, mwonyeshe daktari kabla hajashika kisu. Umri wako pia unadai mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kabla ya upasuaji, na tishu zitakazotolewa zipelekwe maabara kuchunguzwa.

Jipangie pia muda. Kwa wiki 2 za mwanzo utahitaji msaada nyumbani, na kwa wiki 6 hutainua sufuria kubwa wala kukanda unga, kwa sababu kukanda hufanya kazi na msuli ulio nyuma kabisa ya mshono. Nani atasimamia kibanda? Swali hilo lijibiwe kabla ya tarehe kupangwa. Kovu lenyewe huchukua mwaka mmoja au zaidi kutulia. Na umri na uzito wa mwili vitaendelea kuvuta; titi lililoinuliwa halibaki lilivyo milele.

Kuhusu gharama, bima kwa kawaida hutenganisha upasuaji wa urembo na ule wa kutibu tatizo, na hailipii wa kwanza. Kinachoweza kusaidia hoja yako ni kumbukumbu: barua ya daktari wa ngozi inayoonyesha ni mara ngapi umetibiwa, kwa dawa gani na kwa muda gani, picha zilizopigwa kliniki, na maelezo ya maumivu ya mgongo. Iwe ni bima binafsi au Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, Oktoba 2024, omba jibu la maandishi kabla ya kulazwa. Ukilipa mwenyewe, omba jumla iliyoandikwa, yenye ada ya mpasuaji, ya daktari wa usingizi, ya chumba cha upasuaji, ya kulazwa, ya maabara na ya ziara za baadaye. Jina la daktari lihakikishe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo inapatikana mtandaoni, na uhakikishe kituo chenyewe kina leseni. Matangazo ya bei nafuu yenye picha za kabla na baada hayakwambii ni nani atakayekuhudumia saa nane usiku damu ikianza kujikusanya. Uliza hilo waziwazi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi na kitengo cha upasuaji wa plastiki, na ukiwa na barua ya rufaa kutoka kituo cha afya kilicho karibu nawe unaweza kuanzia huko.

Siku ya kwenda kliniki ya ngozi, beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizoisha, kwenye mfuko mmoja, pamoja na sidiria unayoivaa kazini. Usipake krimu asubuhi hiyo, wala poda, ili daktari aione ngozi ilivyo na aweze kukwangua kidogo kwa ajili ya maabara. Ukihitaji kuhudumiwa na daktari mwanamke, au muuguzi mwanamke awepo chumbani, liseme dirishani unapojiandikisha. Ni ombi la kawaida, na huna haja ya kulieleza sababu.